VALVU NDOGO ILIYOSIMAMISHA KAZI MUNKUNYU

Msafiri atokaye Kasese mjini kuelekea Bwera hupita Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, kisha huifuata barabara ya lami yenye milima ya Rwenzori upande wa kulia na tambarare za mbuga ya Queen Elizabeth upande wa kushoto. Malori ya chumvi ya Katwe na mabasi ya kwenda Mpondwe hukimbilia huko huko, na vumbi la kiangazi huwafuata nyuma. Katika safari hiyo ndipo ilipo Munkunyu, nchi ya pamba na ya watu wachapa kazi, ambayo wengi huipita bila kusimama. Nasi tungaliipita vivyo hivyo, siku ile ya Februari 2025, kama lisingekuwapo kundi la watu lililosimama kando ya mtaro likilitazama tingatinga dogo la rangi ya njano kama watu wamtazamavyo mgonjwa.

Tulikuwa tukirejea Kasese kutoka mpakani baada ya kumaliza kazi iliyotupeleka huko. Katika gari letu alikuwamo sajini mmoja wa karakana, mtu wa maneno machache, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema lolote ila kulalamikia joto. Alipoliona tingatinga lile likijaribu kunyanyua jiwe, mara likasita, mara likaliachia, alituomba tusimame.

"Afande," alisema, "lile halina nguvu mikononi, lakini miguu yake ni mizima."

Maneno hayo machache yalibeba nusu ya uchunguzi uliokuja kufanyika baadaye, ingawa wakati ule hatukuyaelewa.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini jiwe moja katika mtaro mmoja wa Munkunyu lilistahili kusimamisha gari la jeshi. Wakazi wa wilaya ya Kasese wanayajua maji. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba uliacha njia yake, ukaingia katika nyumba za watu na katika hospitali ya Kilembe. Mwezi wa Mei 2020 mito ilifurika tena, si Nyamwamba peke yake bali pamoja na Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha, na maelfu ya wananchi wakalala katika shule na makanisa. Maji hayo huanzia juu sana, katika milima ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109, nayo hushuka na mawe makubwa kama ng'ombe. Yakifika tambarare hupunguza mwendo na kuyatua mawe hayo pamoja na mchanga, yakaziba mitaro. Mvua za masika huanza mwezi wa Machi. Wenye mashamba kando ya mtaro ule walikuwa wamechanga fedha zao, wakamkodi kijana mmoja mwenye tingatinga ili auzibue kabla ya mvua. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, na tingatinga lilikuwa limesimama siku ya nane.

MAFUNDI WATATU

Kijana huyo, ambaye jina lake tunamhifadhia, alikuwa amekopa fedha kulinunua tingatinga lile likiwa limekwisha kutumika ng'ambo. Lilishushwa bandarini Mombasa, likapandishwa lori mpaka Kasese. Ni la aina ile ndogo yenye magurudumu manne yasiyokata kona: magurudumu ya upande mmoja yakienda mbele na ya upande mwingine yakarudi nyuma, mashine nzima huzunguka papo hapo kama mcheza ngoma. Aina hiyo ilibuniwa na ndugu wawili wahunzi wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, Louis na Cyril Keller, waliomtengenezea mfugaji wa batamzinga mashine ya magurudumu matatu mwaka 1957, iweze kugeuka ndani ya banda na kuzoa samadi. Kampuni ya Melroe ya North Dakota iliichukua kazi yao, ikaongeza gurudumu la nne, na kuanzia mwaka 1962 ikaiita Bobcat. Mashine iliyozaliwa kwa ajili ya samadi ya batamzinga leo huonekana katika viwanja vya ujenzi vya dunia nzima, na ndiyo inayozibua mitaro ya Munkunyu.

Kijana alituambia ya kwamba mafundi watatu walikuwa wamekwisha kuitazama mashine yake. Wa kwanza aliongeza mafuta ya haidroliki, akalipwa, akaenda. Wa pili aliifungua nati fulani, akaizungusha skrubu iliyo ndani yake "ili kuiongezea presha", na mashine ikapata nguvu kidogo sana kwa muda wa saa moja, kisha ikarudi ilivyokuwa. Wa tatu alitoa hukumu kuwa pampu imekufa, na akataja bei ya pampu mpya. Bei hiyo hatutaiandika hapa. Yatosha kusema kwamba kijana alikuwa amekwisha kuongea na wanunuzi wa ng'ombe wa baba yake.

Hatupendi kuwalaumu mafundi hao. Kila mmoja alishika kitu kinachohusika kweli na ugonjwa ule. Kosa lao ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepima.

DAMU NA MOYO

Kwa msomaji asiyezoea mitambo, mambo yako hivi. Injini ya dizeli huzungusha pampu, na pampu husukuma mafuta. Mafuta hayo hupita katika sanduku la chuma lenye milango inayofunguliwa na mikono ya dereva, yakaingia katika jeki, ambazo ni mitungi mirefu yenye pistoni ndani yake, nazo pistoni ndizo zinyanyuazo mikono na ndoo ya mashine. Tangu Joseph Bramah wa Uingereza alipopata hati ya shinikizo lake la maji mwaka 1795, watu wamejua siri ya jambo hili: msukumo mdogo juu ya eneo dogo huzaa nguvu kubwa juu ya eneo kubwa. Pistoni yenye upana wa sentimeta 6 tu, ikisukumwa na mafuta yenye shinikizo la baa 207, ambazo mafundi wengi huzihesabu kuwa paundi 3,000 kwa inchi ya mraba, hutoa nguvu ya karibu tani 6. Shinikizo likishuka kufikia baa 90, nguvu ya pistoni ile ile hushuka hadi tani 2 na nusu hivi. Na kwa kuwa mikono ya tingatinga ni mirefu, mzigo unaonyanyuliwa na ndoo ni mdogo zaidi ya hapo.

Sasa, pampu ya aina hii haina akili. Injini ikiizungusha husukuma mafuta, iwe kuna pa kwenda au hapana. Ndoo ikinasa chini ya jiwe lisilonyanyuka, pampu huendelea kusukuma, shinikizo hupanda, na kama hapana njia ya kupumulia, basi kitakachopasuka kitapasuka: hozi, jeki, au pampu yenyewe. Kwa hiyo wahandisi huweka mlango mdogo wa dharura, yaani valvu ya kupunguzia shinikizo. Ndani yake mna kizibo chenye ncha, kikikaa juu ya kikalio cha chuma kilicholainishwa vizuri, na nyuma yake springi yenye nguvu. Springi hukibana kizibo. Shinikizo likizidi nguvu ya springi, kizibo hunyanyuka, mafuta yanarudi katika tangi, na shinikizo halipandi tena. Mwenye kuwazia jambo hili kwanza katika vyombo vya mvuke alikuwa Mfaransa Denis Papin, katika karne ya 17, ambaye alitundika uzito juu ya kifuniko cha chungu chake cha kupikia ili kisimlipukie jikoni. Springi imechukua mahali pa uzito, lakini wazo ni lile lile la chungu.

Valvu ya tingatinga la Munkunyu haikuzidi kidole gumba kwa unene. Ilikuwa imejificha ndani ya sanduku la milango, chini ya kiti cha dereva.

MASWALI KABLA YA SPANA

Sajini wetu hakuomba spana. Aliketi juu ya jiwe akaanza kuuliza. Je, mashine ilikosa nguvu siku moja ghafula, au polepole kwa miezi? Ghafula, alijibu kijana. Asubuhi au jioni, baridi au joto? Wakati wote. Je, mikono ikiwa mitupu hupanda upesi kama zamani? Hupanda upesi. Mikono tu ndiyo dhaifu, au ndoo nayo inapokunjwa? Yote miwili. Magurudumu je? Magurudumu ni mazima, yanapanda kingo za mtaro bila taabu.

Kila jibu lilifunga mlango mmoja. Magurudumu yakiwa na nguvu, injini haina lawama, kwa maana ndiyo inayoyasukuma kwa pampu zake nyingine. Mikono na ndoo vikiwa dhaifu kwa pamoja, jeki haziwezi kuwa zimekufa zote mbili siku moja. Ungekuwa mkono peke yake, tungetazama jeki yake na mlango wake. Na kama mikono ingekuwa inashuka yenyewe polepole baada ya kunyanyuliwa, hilo nalo lingekuwa neno jingine, la sili za jeki au la mlango usioziba, wala valvu hii isingehusika. Ugonjwa unaoshika viungo vyote vya kazi kwa pamoja hukaa mahali ambapo vyote hunywa: katika tangi, katika filta, katika pampu, au katika valvu kuu.

Hapo ndipo alipoingia mzee mmoja aliyekuwa amesimama nyuma akiegemea fimbo. Watu walimpisha. Alikuwa kijana katika karakana za Kilembe, katika machimbo yale ya shaba yaliyoanza kazi mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, na yalipofungwa mwaka 1982 alirudi Munkunyu kulima pamba.

"Mwanangu," alimwambia sajini, "mashine hii hailii. Ikifika mwisho wa jeki ilipaswa kulia kwa nguvu. Hii inazomea tu, tena inaanza kuzomea mapema."

"Ni kweli, mzee," alijibu sajini, akasimama. "Ahsante, baba. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta."

Tuliomba tafsiri. Valvu nzima, ndoo inapokunjwa mpaka mwisho na dereva akaendelea kuvuta, hutoa kilio kikali kama cha nguruwe aliyeshikwa sikio, na injini hulemewa kidogo. Ni mafuta yanayopenya kizibo kwa nguvu kubwa. Tingatinga lile lilitoa mzomeo hafifu, na injini haikulemewa hata kidogo. Maana yake mafuta yalikuwa yanatoroka mahali fulani kabla ya shinikizo kupanda.

Swali la mwisho la sajini ndilo lililotugusa zaidi baadaye. Aliuliza: "Kabla ya siku ile mbaya, mlifanya nini juu ya mashine hii?" Kijana alisema hawakufanya kitu. Akafikiri. Akasema labda hozi moja tu iliyopasuka, nao walikatiwa nyingine mjini, wakaifunga wenyewe hapa hapa shambani, siku mbili kabla. Sajini aliitikia kwa kichwa, hakusema neno.

HATARI ISIYOONEKANA

Kabla ya mkono wowote kugusa chuma, sajini aliamuru ndoo ilazwe chini na mikono ishushwe kabisa, injini izimwe, na vishikio visukumwe mbele na nyuma mara kadhaa ili shinikizo lililobaki ndani lipotee. Kijana alikuwa na haraka, na tulimwona akikunja uso. Tunasimama hapa kidogo makusudi, kwa sababu hapa ndipo watu hufa.

Mikono ya tingatinga iliyonyanyuliwa hushikiliwa na mafuta tu. Mtu akifungua hozi isiyo yake huku amesimama chini ya mikono hiyo, mafuta hutoka na mikono hushuka, nayo haishuki kwa heshima. Mashine hizi hupewa chuma maalumu cha kuzuilia jeki, na ikiwa ni lazima kufanya kazi mikono ikiwa juu, chuma hicho kifungwe kwanza. Chuma cha tingatinga lile kilikuwapo, lakini kilikuwa kikitumika kufungia mlango wa ghala.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Hozi yenye tundu dogo kama la sindano, ikiwa na shinikizo la baa 200, hutoa uzi mwembamba wa mafuta wenye uwezo wa kupenya ngozi ya mtu. Fundi anayepapasa kwa kidole atafute panapovuja aweza kuchomwa asihisi kitu zaidi ya kuumwa na mdudu. Alama ni ndogo kuliko kichwa cha pini. Baada ya saa chache mkono huvimba, na mafuta yaliyoingia huanza kuua nyama ndani. Hapo dawa ya kupaka haisaidii kitu. Anayehitajika ni daktari wa upasuaji, tena siku ile ile, na mgonjwa amwambie daktari waziwazi kuwa ni mafuta ya mashine yaliyoingia kwa nguvu, asije akafungiwa kitambaa na kurudishwa nyumbani. Watu wa Munkunyu wana hospitali ya Kagando na ya Bwera zisizo mbali, basi wasingoje kesho. Panapovuja hutafutwa kwa kipande cha boksi au cha ubao kilichoshikwa kwa mbali, kamwe si kwa kidole.

GEJI YASEMA

Sajini alianza na yaliyo rahisi. Mafuta katika tangi yalikuwa ya kutosha na hayakuwa na povu, kwa hiyo pampu haikuwa ikivuta hewa. Filta ilikuwa nyeusi lakini haijaziba. Mapezi ya kipoza mafuta, hata hivyo, yalikuwa yamezibwa na manyoya ya pamba na vumbi, kitu ambacho hutakiona katika kitabu chochote cha Minnesota. Mafuta yasiyopoa huwa mepesi kama maji, na mafuta mepesi hupenya kila mahali, hivyo hata mashine nzima hulegea wakati wa mchana. Wakayasafisha kwa brashi. Lakini hilo halikuwa jibu, kwa sababu mashine ilikuwa dhaifu hata alfajiri.

Kisha akatoa katika sanduku lake geji yenye kupima hadi baa 400. Geji ndogo, alisema, hupasuka usoni. Aliifunga mahali palipowekwa kwa kupimia, injini ikawashwa, mashine ikafanyishwa kazi ndogo ndogo mpaka mafuta yakapata joto la kazi. Ndoo ikiwa chini, kijana aliikunja mpaka mwisho, injini ikiwa katika mwendo wake wote, akashikilia kwa sekunde 3 tu, kwani kushikilia zaidi ni kuyachemsha mafuta bure. Kitabu cha mashine kilitaka baa 207. Mshale wa geji ulisimama kwenye 90.

Watuhumiwa walibaki wawili, pampu na valvu. Wengi hapa hukosea kwa kuiziba valvu ili "kuipima pampu kwa nguvu yake yote". Huko ni kuondoa uzito juu ya chungu cha Papin na kukifunga kifuniko kwa waya. Sajini alitumia njia ya mafundi wa zamani. Mafuta yanapotoka penye shinikizo kubwa kwenda penye dogo bila kufanya kazi, nguvu yake yote hugeuka joto, na joto hilo huonekana pale pale. Aliikunja ndoo mara kadhaa tena, akazima, akaondoa shinikizo, wakainua kibanda cha dereva na kukifunga kisianguke, kisha akakaribisha mgongo wa mkono wake kwenye pampu, halafu kwenye sanduku la milango. Pampu ilikuwa na joto la kawaida. Mahali ilipokaa valvu palikuwa pa moto kiasi cha kumrudisha mkono nyuma.

"Ng'ombe wa baba yako wamepona," alisema mzee wa Kilembe.

PUNJE MOJA

Sajini aliitazama valvu kwa muda mrefu kabla ya kuifungua, akatuita tuone. Nati ya kukazia skrubu ilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Huo ulikuwa mkono wa fundi wa pili. Aliweka alama kwa rangi, akahesabu mizunguko, akalegeza skrubu karibu yote, ndipo akaitoa valvu nzima.

Juu ya kikalio, mahali kizibo kinapokaa, palikuwa na kipande cheusi cha mpira kilichochanganyika na chembe ya waya. Hakikuzidi ukubwa wa punje ya mtama. Kilikizuia kizibo kisikae sawasawa, na katika ufa huo mafuta yakawa yakirudi tangini usiku na mchana. Oringi ya nje nayo ilikuwa na jeraha dogo. Kijana aliitazama punje ile kiganjani mwa sajini bila kusema kitu.

Ilitoka wapi? Hapa ndipo swali la mwisho lilipopata jibu. Hozi ya haidroliki ina mpira ndani na nje na nyuzi za waya katikati. Ikikatwa kwa msumeno wa umeme, vumbi la mpira na waya hubaki ndani ya tundu, na mtu asipopuliza na kusafisha kabla ya kufunga, vumbi hilo huingia katika damu ya mashine. Hozi ya kijana ilikatwa, ikafungwa. Punje zikasafiri. Nyingi ziliishia katika filta, na ndiyo maana ilikuwa nyeusi, lakini filta hukaa katika njia ya kurudia, na moja ilifika kwenye kikalio kwanza.

Valvu ilioshwa kwa dizeli safi na kupulizwa. Mtu mmoja alileta pamba ya kufutia, pamba nzuri ya Munkunyu, nyeupe pe, na sajini aliikataa kwa adabu, kwa kuwa uzi mmoja wa pamba katika kikalio kile ungefanya kazi ile ile ya mpira. Kikalio kilikuwa kizima. Kama kingekuwa kimekwaruzwa, alisema, asingekisugua kwa msasa kama wafanyavyo wengi, bali valvu ingenunuliwa mpya, ambayo bado ni bei ndogo mno kuliko pampu. Kijana mmoja alitumwa kwa pikipiki kuleta oringi, filta na mafuta kutoka mjini. Hozi ilifunguliwa, ikasafishwa, na mafuta ya tangi yakamwagwa yote. Kazi hiyo ilichukua alasiri nzima, na jua la tambarare halikuwa na huruma kwa afisa asiyejua kushika spana. Kazi yetu ilikuwa kushika taa.

MIZUNGUKO MIWILI

Wengine wangeirudisha skrubu kwenye alama yake na kwenda zao. Sajini alianza akiwa ameilegeza, geji ikiwa imefungwa. Mshale ulisoma 60. Alizima, akakaza robo mzunguko, akawasha, akasoma, akazima tena. Robo kwa robo mshale ulipanda. Kilio cha valvu nacho kilibadilika, kutoka mzomeo hadi mluzi, hadi kile kilio cha nguruwe ambacho mzee alikuwa akikingoja, naye alicheka peke yake. Mshale ulipofika 205 sajini alikaza nati, akapima mara mbili zaidi, akaridhika.

Kisha akatuonyesha alama ya rangi. Skrubu ilikuwa mizunguko 2 kamili nyuma ya mahali alipoiacha yule fundi wa pili.

Ilituchukua muda kufahamu. Fundi yule alikuwa amekaza valvu iliyoshikwa na punje. Punje ilikifanya kizibo kibaki wazi, kwa hiyo kukaza kwake hakukuonekana. Lakini punje haina mizizi. Mshtuko wowote, siku yoyote, ungeweza kuing'oa na kuipeleka tangini, na wakati huo huo springi iliyobanwa kupita kiasi ingekuwa ndiyo bwana. Mashine ingepata nguvu ghafula, na kijana angeshukuru Mungu. Angenyanyua mawe makubwa kuliko aliyowahi kuyanyanyua. Shinikizo lingekuwa limepita mbali kiwango ambacho hozi, jeki na mikono ile ilitengenezewa, bila geji ya kumwambia, na hozi mbili kati ya hizo hupita kando ya mabega ya dereva, moja kila upande. Dereva wa tingatinga lile siku nyingi alikuwa mdogo wake, mvulana wa miaka 19, aliyekuwa amesimama pale pale akila muwa.

Kijana hakusema lolote kwa muda. Kisha alimwuliza sajini kwa sauti ya chini kama angeweza kujua kwa macho tu kwamba valvu imekazwa mno, siku nyingine, akiwa hana geji. Sajini alimwambia kwamba zipo dalili: injini inazimika au kulemewa vibaya kabla valvu haijalia, hozi hukakamaa na kuruka kama nyoka, nyingine hupasuka moja baada ya moja. Lakini dalili hizo, alisema, ni sawa na kuijua bunduki kuwa ina risasi kwa kuifyatua. Geji hununuliwa mara moja.

Jua lilikuwa likizama upande wa Kongo ndoo ilipoingia tena chini ya jiwe lile. Mikono ililemewa, injini ikanguruma, na jiwe likatoka katika matope na kunyanyuka. Akina mama waliokuwa wakirudi kutoka mashambani walipiga vigelegele. "Wasingya!" walisema watu wakitushika mikono, nasi tuliwaelekeza kwa sajini, naye akawaelekeza kwa mzee, naye mzee alikuwa amekwisha kwenda zake kufunga mbuzi.

Kabla hatujaondoka, sajini aliomba kopo la rangi nyeupe. Akaandika juu ya kifuniko cha sanduku la milango, chini ya kiti, tarehe na namba 205. Kijana alilichukua kopo mkononi mwake, akainama, na chini ya namba hiyo akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda: USIGUSE. Halafu akamtuma mdogo wake akafungue mlango wa ghala na kukileta kile chuma.